Kuendesha Baiskeli Bila Kutoka Nyumbani

Programu ya kuendeshea baiskeli ndani ya nyumba hutegemea taarifa mbili kuliko zote: nguvu ambayo mwendeshaji anatia kwenye pedali, inayopimwa kwa wati, na uzito wake, ambao mara nyingi ameuandika mwenyewe. Kwa hizo mbili kompyuta hupiga hesabu ya mwendo wa baiskeli kwenye barabara ya kubuni, ikizingatia mwinuko, upepo na msuguano wa matairi, kisha huchora milima, bahari na waendeshaji wengine juu ya hesabu hiyo. Matangazo humvuta mgeni aanze na picha. Ni heri aanze na wati: kwanza chombo kitakachozipima, kisha chumba kitakachomwezesha kuzitoa kwa saa nzima bila kushindwa na joto, na programu iwe ya mwisho, kwa kuwa ndiyo inayobadilishwa kwa urahisi kuliko vyote.

Mlima mmoja unatosha kuonyesha jinsi hesabu inavyokwenda. Zwift, programu ya Kimarekani iliyo maarufu kuliko nyingine, ina mlima uitwao Alpe du Zwift, uliojengwa kwa vipimo vya Alpe d'Huez ya Ufaransa: kona 21, kilomita 12 na ushei, mwinuko wa wastani wa asilimia 8.5. Mtu mwenye kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 8, akitoa wati 200 bila kupumzika, hupanda kwa takriban kilomita 10 kwa saa na kufika kileleni baada ya saa moja na dakika kumi hivi. Mwenye kilo 55 akitoa wati zilezile hufika kwa muda wa chini kidogo ya saa moja. Tofauti ya kilo 15 imemwokolea zaidi ya dakika 10, na yeyote anayejipunguzia kilo hizo kwa kuandika uongo hujipatia dakika hizo bure. Ndiyo sababu katika mbio kubwa za mtandaoni washindani hutakiwa kuthibitisha uzito wao, na wati zao hurekodiwa na vyombo viwili tofauti ili vilinganishwe.

Ujanja haukosi hata hivyo. Mwaka 2019 Cameron Jeffers alivuliwa ubingwa wa Uingereza wa mbio za mtandaoni, akatozwa faini ya pauni 250 na kufungiwa miezi sita. Ilibainika kwamba baiskeli ya kubuni aliyoitumia kushinda, ambayo Zwift humpa tu mtu aliyekwisha kupanda maelfu kwa maelfu ya mita za milima, aliipata kwa kuiachia programu nyingine imkwee milima hiyo. Miguu ya siku ya shindano ilikuwa yake. Baiskeli ndiyo hakuitolea jasho.

Chombo cha kuendeshea ndani huja kwa sura kadhaa, na si kila kimoja hupima wati. Cha zamani kabisa ni rola, yaani mitungi mitatu inayozunguka, ambayo baiskeli huwekwa juu yake bila kufungwa popote. Rola hufundisha mizani na mzunguko laini wa miguu, lakini rola ya kawaida haipimi chochote. Inayofuata ni mashine inayoshika ekseli ya nyuma na kubana mtungi mdogo dhidi ya tairi. Mashine za namna hii waendeshaji huziita treina. Treina ya tairi ni nafuu, na ukinzani wake huletwa na sumaku au kimiminika kilichofungiwa ndani. Kasoro yake ni tairi lenyewe. Likiwa baridi linatoa jibu moja, likipata moto linatoa jingine, na upepo ukipungua kidogo wati huhama. Mwenye treina ya aina hii hana budi kuwa mtu wa utaratibu: ajaze upepo kwa kipimo kilekile kila mara, akaze kitasa kwa mizunguko ileile, aendeshe dakika 10 ili mashine ipate joto, ndipo afanye jaribio la kuachia. Katika jaribio hilo hupandisha kasi hadi kiwango kinachotajwa na programu, huacha kukanyaga, na kungoja gurudumu lisimame lenyewe. Muda linaotumia kusimama ndio unaoieleza mashine kiasi cha msuguano uliopo.

Treina ya moja kwa moja huondoa shida hiyo kwa kuliondoa gurudumu. Gurudumu la nyuma hufunguliwa, fremu hukaa juu ya mashine, na cheni huzungusha kaseti ya gia iliyofungwa kwenye mashine yenyewe. Ndani mna gurudumu zito la chuma linaloiga msukumo wa baiskeli iliyokwisha kushika kasi, pamoja na mfumo wa sumaku unaokaza na kulegea kwa amri ya programu. Barabara ya kwenye skrini ikipanda, pedali huwa nzito. Ikishuka, huwa nyepesi. Treina inayopokea amri hizo huitwa treina janja. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya CompuTrainer ya kampuni ya RacerMate ya Seattle, iliyoacha kutengenezwa mwaka 2017. Kufikia hapo Wahoo ya Atlanta ilikuwa imekwisha kuingia sokoni na KICKR yake ya mwaka 2012, ikishindana na Elite ya Italia na Tacx ya Uholanzi, ambayo Garmin iliinunua mwaka 2019. Zwift nayo ilitoa treina yake mwaka 2022 kwa dola 499, bei iliyowalazimu wengine kutazama upya bei zao. Watengenezaji hutangaza kosa la kipimo la asilimia 1 hadi 2.5. Kwa mtu asiyeshindania ubingwa, tofauti kati ya namba hizo mbili haistahili mamia ya dola. Kinachostahili kulipiwa ni mashine iseme Alhamisi lilelile ililosema Jumatatu.

Kabla ya kulipa, baiskeli iliyopo nyumbani itazamwe upande wa nyuma. Baiskeli za mbio za miaka ya karibuni zenye breki za diski hufungwa kwa ekseli ndefu inayopenya fremu, za zamani kwa klipu ya kufungua haraka, na treina nyingi huja na vipande vya kulinganisha aina zote mbili. Idadi ya gia nayo iangaliwe: baiskeli ya gia 11 nyuma inataka kaseti ya gia 11, na mara nyingi kaseti hununuliwa mbali na treina. Baiskeli za Phoenix, na dada zao ambazo Wakenya huziita black mamba, hazifai kwa treina ya moja kwa moja. Ekseli zake ni za nati na nyuma zina gia moja isiyobadilishwa. Hata kwenye treina ya tairi huhitaji ekseli au nati maalumu ili zikae salama. Baiskeli ya mlimani yenye tairi la meno inaweza kufungwa, ila kelele yake itasikika hadi kwa jirani wa ghorofa ya tatu, hivyo tairi laini hununuliwa kwanza.

Njia ya bei ndogo ipo. Treina ya tairi isiyo na umeme wowote, ikiwekewa kihisi cha kasi kwenye gurudumu la nyuma, inatosha kuingia Zwift, kwa kuwa programu hiyo ina orodha ya treina za kawaida na inajua takriban kila moja hudai wati ngapi kwa kila kasi. Makadirio hayo si ya kushindania, na mwinuko hautasikika miguuni, lakini mazoezi ni yaleyale. Njia nyingine ni pedali zenye kipimo cha wati ndani yake. Zina gharama, ila huhama na mwenyewe: leo ziko sebuleni, kesho barabarani, na namba ni za chombo kimoja.

Vyombo hivi huzungumza na kompyuta au simu kwa njia mbili zisizo na waya, Bluetooth na ANT+. Bluetooth imo tayari katika simu, kompyuta kibao na kompyuta nyingi za mkononi. ANT+ kwa kawaida hudai kifaa kidogo cha kuchomeka, na ni vizuri kifaa hicho kipelekwe karibu na treina kwa waya mrefu. Lawama nyingi zinazotupiwa programu hutokana na hapa. Treina nyingi za Bluetooth hukubali kuunganishwa na kifaa kimoja kwa wakati, na simu iliyoko mfukoni, yenye programu ya mtengenezaji iliyoachwa wazi, inaweza kuwa imeshainyakua treina huku mwenye baiskeli akihangaika na kompyuta. Wi-Fi nyingi hutumia mawimbi ya masafa hayohayo ya gigahezi 2.4, kwa hiyo ruta isiwekwe kando ya gurudumu.

Baada ya hayo ndipo programu ichaguliwe, na swali la kujiuliza ni moja: ni kitu gani kitakachomfanya mtu huyu apande baiskeli siku asiyotaka? Kwa wengine ni watu, kwa wengine ni ratiba, kwa wengine ni mandhari. Programu zimegawana makundi hayo vizuri kiasi kwamba kuzilinganisha kwa ubora wa picha peke yake ni kupoteza muda.

Zwift ni ya watu. Ilianza majaribio mwaka 2014 huko Long Beach, California, ikaanza kutoza dola 10 kwa mwezi mwaka 2015, na kufikia 2024 ada ilikuwa dola 19.99. Ulimwengu wake mkuu ni kisiwa cha kubuni kiitwacho Watopia, chenye volkano, msitu na jangwa, na saa yoyote ya usiku au mchana kuna maelfu ya watu barabarani. Anayejibanza nyuma ya mwenzake kwenye skrini hutumia wati chache kwa kasi ileile, kama ilivyo barabarani, na hapo ndipo mbio zake zinapopata ladha: mtu hujikuta ameongeza wati 30 ili asiachwe na kundi la watu asiowajua. Sifa yake ilikua mapema kupitia Mathew Hayman wa Australia. Alivunjika mkono mwishoni mwa Februari 2016, akafanya mazoezi gerejini kwake juu ya Zwift, na Aprili mwaka huohuo akashinda mbio za Paris–Roubaix akiwa na miaka 37. Korona ilipofunga barabara mwaka 2020, Tour de France ya mtandaoni ilifanyika humo, na Desemba mwaka huo Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, liliandaa ubingwa wa dunia wa kwanza wa mbio hizo. Washindi walikuwa Jason Osborne wa Ujerumani, ambaye mchezo wake wakati huo ulikuwa kupiga makasia, na Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Kwamba mpiga makasia aliwashinda waendeshaji wa kulipwa kunaeleza mengi kuhusu mchezo huu: kona, breki na woga wa kuanguka vimeondolewa, vimebaki mapafu, miguu na akili ya kujua wakati wa kujificha.

MyWhoosh ya Abu Dhabi inafanana na Zwift kwa sura, lakini haitozi ada. Si ajabu ilizaliwa huko. Katika Ghuba, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40, mazoezi ya mchana ni ya ndani ya nyumba au hayapo. Fainali za ubingwa wa UCI za mwaka 2024 zilifanyika Abu Dhabi kwa programu hii. Kwa anayeanza, hasa anayelipwa mshahara kwa shilingi na kutozwa ada kwa dola, ndiyo ya kujaribu kwanza. Inadai kompyuta au simu yenye nguvu ya kutosha, na barabara zake hazina msongamano wa watu kama za Watopia.

Rouvy, ya Jamhuri ya Cheki, ni ya mandhari. Badala ya kuchora, huonyesha video za barabara za kweli na kumweka mwendeshaji wa kubuni ndani ya video hiyo. Kasi ya picha hufuata wati. Anayejiandaa kwa shindano la mahali fulani anaweza kuipitia njia yenyewe kabla ya kusafiri. TrainerRoad ya Reno, Nevada, iliyoanza mwaka 2011, haina mandhari wala waendeshaji wengine. Skrini yake ni grafu: mihimili ya bluu inayoonyesha wati zinazotakiwa na mstari wa wati zinazotolewa. Ni programu ya mtu wa ratiba, anayetaka kuambiwa Jumanne afanye nini na kwa nini. Wapo wanaoiendesha kwenye simu huku runinga ikiwaonyesha mpira, na hakuna ubaya wowote.

Ada ilipwe kwa mwezi hadi tabia ijengeke. Programu hufa: RGT, iliyonunuliwa na Wahoo na kupendwa na wengi, ilifungwa mwaka 2023. Kumbukumbu za kila safari huhifadhiwa katika faili za FIT, na ni busara zitumwe moja kwa moja kwenye huduma nyingine kama Strava, ili kuhama programu kusiwe kupoteza historia. Mahitaji ya intaneti si makubwa wakati wa kuendesha, kwa sababu picha huchorwa na kompyuta yenyewe na kinachosafiri ni namba. Kinachomaliza bando ni kupakua programu na masasisho yake, pamoja na video za Rouvy.

Chumba hudharauliwa, na ndicho kinachowashinda wengi. Mwili hugeuza kati ya moja ya tano na robo tu ya nishati yake kuwa kazi ya pedali. Iliyobaki ni joto. Anayetoa wati 200 anazalisha joto la wati 600 hadi 800, sawa na pasi ndogo ya umeme iliyoachwa ikiwaka, na barabarani joto hilo huchukuliwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa ambao ndani ya nyumba haupo. Matokeo yake moyo huenda mbio, wati hushuka, na mtu hudhani ameishiwa nguvu. Feni ya kusimama, kubwa, ielekezwe kifuani na usoni kutoka mbele, si ile ya darini. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka, hivyo feni mbili si anasa na saa kumi na moja alfajiri ni bora kuliko saa mbili usiku. Chupa mbili za maji zenye chumvi kidogo, taulo juu ya usukani, na mkeka mzito wa mpira chini ya kila kitu hukamilisha chumba. Mkeka huo unalinda sakafu dhidi ya jasho na jirani wa chini dhidi ya mtetemo.

Umeme nao uangaliwe. Adapta nyingi za treina hukubali volti 100 hadi 240, ila maandishi yaliyo juu yake yasomwe, hasa ikiwa mashine imeletwa na jamaa kutoka Marekani. Umeme ukikatika, treina janja nyingi hupoteza uwezo wa kuiga milima. Tacx Neo ni tofauti kwa kuwa hujizalishia umeme kutokana na mzunguko wa pedali. Kwa nyingine, betri ya akiba kama zile za kompyuta za ofisini hutosha kumaliza zoezi, mradi ruta iunganishwe nayo. Intaneti peke yake ikikatika si msiba: katika Zwift waendeshaji wengine hutoweka na safari huendelea, na mazoezi ya TrainerRoad yaliyokwisha kupakuliwa hufanyika bila mtandao.

Programu ikifunguliwa mara ya kwanza, uzito uandikwe wa kweli. Kipengele cha pili cha kuangalia, kwenye Zwift, ni kile cha ugumu wa treina, ambacho kwa kawaida huanza kikiwa nusu: mlima wa asilimia 10 huhisiwa miguuni kama wa asilimia 5. Wengi hudhani kukiacha hapo ni kujidanganya. Sivyo. Wati zinazohitajika kufika kileleni kwa muda fulani hazibadiliki. Kinachobadilika ni gia zitakazotumika. Mwenye baiskeli ya gia nzito akiacha alama hiyo nusu au chini ya nusu anayalinda magoti yake.

Kisha hutafutwa kizingiti, yaani wati ambazo mtu anaweza kuzishikilia kwa muda wa karibu saa moja, kwa sababu mazoezi yote hupangwa kwa asilimia ya namba hiyo. Jaribio la kawaida ni la dakika 20 kwa nguvu zote, na wastani wake huzidishwa kwa 0.95: aliyetoa 220 ana kizingiti cha 209. Jaribio la ngazi, ambamo wati hupanda kila dakika hadi miguu ikatae, huchukua asilimia 75 ya dakika iliyo bora. Ni fupi na halihitaji ujuzi wa kugawa nguvu, hivyo linamfaa mgeni, ingawa huwapendelea wenye miguu ya mbio fupi.

Mazoezi ya kupangwa huendeshwa kwa hali iitwayo ERG, ambapo treina hushikilia wati zilizoamriwa hata mwendeshaji azungushe vipi. Ina mtego mmoja. Wati ni zao la msukumo na kasi ya mzunguko, kwa hiyo anayezungusha mara 90 kwa dakika akitoa wati 200 anasukuma kwa niutoni-mita 21. Akichoka na kushuka hadi 60, mashine humdai 32. Akifika 45, humdai 42, na hapo pedali hukwama kabisa. Dawa ni kuongeza mzunguko mapema, kabla ya miguu kulemewa, au kuizima hali hiyo kwa nusu dakika. Kubadili gia hakupunguzi wati katika hali hii. Gia ya katikati, yenye cheni iliyonyooka, ndiyo tulivu.

Vipindi vitatu kwa wiki vinatosha kwa anayeanza, viwili vya upole chini ya asilimia 75 ya kizingiti na kimoja kikali. Dakika 45 za ndani hulemea kuliko za barabarani kwa kuwa hakuna mteremko wa kupumzikia wala taa za kusimama. Makalio huuma upesi, kwa vile baiskeli iliyofungwa haichezi. Kusimama juu ya pedali kila baada ya dakika 10 husaidia. Baada ya kila kipindi usukani na skrubu zake zifutwe jasho, maana chumvi hula chuma kimyakimya chini ya utepe, na cheni ipakwe mafuta kama ya baiskeli inayotoka nje. Kizingiti hupimwa upya baada ya wiki sita hivi, kwa mashine ileile, feni ikiwa palepale na saa ya siku ikiwa ileile, ili namba mpya iweze kulinganishwa na ya mwanzo.